Landrova ya Kliniki na Stopa za Mashindano

Wiki jana kijana mmoja aliniita kule Kariobangi nikaone kazi yake. "Niaje mzee, kuja ucheki hii chuma," akaniambia, na kweli alikuwa amejitahidi kwa rangi. Gari limeinuliwa juu kama ngamia, magurudumu manene, na chini amefunga stopa nne za mafuta zinazong'aa kama vyombo vya harusi. Nikapiga magoti, na haya magoti yangu si ya kupigiwa ovyo, nikachungulia. Nikamuuliza, "Ulipima nini kabla ya kuchomelea?" Akacheka. "Mzee, hizi hazipimwi. Unafunga tu."

Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Mke wangu akadhani ni malaria. Nikamwambia si malaria, ni "unafunga tu."

Ndiyo maana nawaandikia nyinyi vijana mnaoshika spana leo. Nikipandisha sauti mnivumilie. Hasira hii imewazidi nyinyi umri, na bado sijaona sababu ya kuibembeleza ilale.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani, maana wengine mnakifunga bila kukijua. Gari likiingia kwenye shimo, ekseli hupanda kuelekea chasisi. Springi huizuia, na shokomzoba huipunguzia kasi. Shimo likiwa kubwa na mzigo ukiwa mzito, ekseli hufika juu kabisa, chuma kinataka kugonga chuma. Hapo ndipo stopa inapokaa. Ile ya kawaida ni donge la mpira mgumu. Siutukani mpira, umefanya kazi miaka mingi. Ila mpira ukibanwa sana unarudisha teke. Stopa ya mafuta ni silinda fupi iliyo na mafuta na gesi ndani, na chini yake fimbo yenye kichwa bapa. Ekseli ikikipiga kichwa hicho, fimbo inazama, mafuta yanajipenyeza kwenye matundu membamba, na kishindo kinaishia humo humo. Teke hakuna. Aliyekaa nyuma anahisi kama gari limekalia godoro.

Hiyo ni ikiwa imechaguliwa na kufungwa na mtu anayejali. Ikifungwa na mtu wa "unafunga tu," hiyo ni nyundo uliyomwekea mwenzako chini ya kiti.

Mimi ni mtoto wa Makongeni, nyumba za reli. Baba yangu alitoka Bungoma akaingia karakana ya reli, na alitaka nimfuate. Reli haikunitaka. Nikaishia Gikomba, kwenye kibanda cha mabati kati ya maseremala na marobota ya mitumba, kwa mwanamke mmoja mkali aliyeitwa Mama Nyambura. Mumewe alikuwa mfua springi. Alipokufa, shemeji zake walikuja kutoka Murang'a na pikapu kuchukua fuawe na mvukuto. Walimkuta amejifunga gunia kiunoni, makaa yanawaka, anakunja jani la springi ya lori, lile bamba la chuma. Akawaambia, "Karibuni chai, lakini fuawe haitoki, mteja anangoja." Wakanywa chai, wakaondoka na pikapu tupu.

Nilifanya kazi kwake tangu nikiwa na ndevu chache mpaka ndevu zikaanza kuwa na mvi. Sikuwahi kumsikia akisifu kazi ya mtu. Ukifanya vizuri alinyamaza. Kimya chake kilikuwa cheti.

Siku moja katika miaka ya sabini alinituma kwa muuza chakula nilete ugali mgumu, bila mboga. Nikadhani mama ana njaa na mambo si mazuri. Nikamwongezea na sukuma wiki kwa huruma yangu. Akaitazama ile sukuma, akaila yeye, kisha akaukanda ugali ukawa donge, akalibandika juu ya ekseli ya gari lililokuwa kwenye jeki, pale stopa inapogonga. "Teremsha," akasema. Gari likashuka, tukalitikisa, tukaliinua tena. Donge lilikuwa limebanwa upande mmoja tu. Pale pale ukaona bila kubahatisha kwamba stopa ilikuwa inagonga kimshazari. Ndivyo alivyopima sehemu ambazo jicho halifiki. Kipimo chetu cha asubuhi moja kiliwahi kuliwa na mbwa wa seremala, tukaanza upya huku Mama Nyambura akimtukana mbwa, seremala, na mama aliyemzaa seremala.

Alitufundisha na ukali wa gesi. Stopa za mafuta hujazwa naitrojeni, ile gesi isiyo na ugomvi na mafuta. Fundi mmoja wa jirani alikosa naitrojeni, akaona aitumie oksijeni ya mtungi wa kuchomelea. "Gesi ni gesi," alisema. Mama Nyambura alimpokonya mpira wa mtungi, akamzaba kofi ambalo maseremala wote walisimamisha misumeno kulisikiliza. "Oksijeni na mafuta ndani ya chuma kilichofungwa? Unataka watoto wa watu waokotwe kwa koleo?" Yule fundi alikasirika miezi kadhaa. Lakini yu hai, ana wajukuu, na mimi naandika hapa nikiwa na vidole vyote. Shikeni hilo hata mkisahau mengine yote.

Sasa nije kwenye Landrova.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini kulikuwa na kanisa moja huku kwetu Eastlands, sitalitaja, lililokuwa na kliniki ndogo. Kliniki ilikuwa na Landrova moja kuukuu. Ilitoka kila wiki, ikapita Njiru, ambayo wakati huo ilikuwa machimbo ya mawe na malisho ya ng'ombe, ikaendelea na barabara ya Kangundo mpaka vijijini ndani kabisa. Ilipeleka dawa, ikarudi na waliozidiwa. Dereva wake alikuwa Musembi, Mkamba mpole, mrefu, mwimbaji wa kwaya, asiyegusa pombe hata ile ya harusi. Nyuma pamoja na wagonjwa alikaa nesi, Sista Rodah, mwanamke wa Vihiga mwenye mwili mdogo na sauti kubwa.

Waliileta kwetu mara ya kwanza kwa sababu Sista Rodah alikuwa amechoka. "Mama Nyambura," alisema, "hapa nyuma wagonjwa wangu wanaruka kama bisi kwenye sufuria. Juzi mzee wa watu amejigonga kichwa kwenye paa, nikawa na wagonjwa wawili ndani ya mtu mmoja."

Mama Nyambura akaingia chini. Springi zilikuwa zimelala, na stopa za mpira zilikuwa zimeliwa zikabaki kama vipande vya sabuni. Akasema springi zitolewe, zikunjwe upya, stopa mpya zifungwe. Musembi akaenda kumpa habari mwenyekiti wa kamati ya kliniki.

Huyo mwenyekiti hakutaka kusikia habari za Gikomba. Alikuwa na rafiki mwenye gereji kubwa upande wa viwandani, gereji yenye lango la kuteleza na karani anayepokea simu. Rafiki huyo alikuwa amenunua mabaki kutoka kwa watu wa mashindano ya magari waliokuwa wakirudi kwao, na miongoni mwake kulikuwa na stopa za mafuta. Alikuwa akizifunga kwenye kila gari refu lililopita langoni mwake. Za mashindano! Neno hilo lilitosha. Mwenyekiti akaona Landrova ya kanisa itatembea kama malaika.

Ikarudi na stopa za mafuta nyuma. Musembi akapitia kwetu njiani, uso umemkunjamana.

"Mama, naomba uiangalie. Sijui kama ni mimi nimezeeka. Gari halina kitu nyuma, linapiga kama ubao. Nikibeba watu ndiyo mbaya zaidi."

Mama Nyambura akatazama chini kwa muda mrefu. Akaniita. "Ingiza kidole hapo kati ya kichwa cha stopa na ekseli."

Kidole hakikuingia. Gari limesimama, tupu, na stopa tayari imeikalia ekseli.

Vijana, nisikilizeni. Stopa ni ya dharura. Gari likiwa limesimama lazima kuwe na nafasi, ekseli isafiri kwanza kwa springi, ndipo ikutane na stopa mwishoni mwa safari. Hawa walikuwa wamefunga stopa fupi za gari jepesi la mashindano, tena chini mno. Wakiingia watu wanne nyuma, fimbo inakuwa imeshazama karibu yote. Likija shimo, hakuna mafuta ya kumeza kishindo. Kilichobaki ni chuma juu ya chuma. Na chuma chenyewe kimeshikwa na nini? Walikuwa wamechomelea mabano moja kwa moja kwenye chasisi iliyoliwa na kutu, bila kuweka pleti ya kusambaza nguvu. Ukigonga kwa kidole unasikia mlio wa debe.

"Usibebe mtu kwa hili gari," Mama Nyambura akamwambia Musembi. "Kamwambie mwenyekiti wako."

Akaenda. Jibu alilopewa alituletea mwenyewe, akilitamka taratibu kama mtu anayetema mchanga. "Amesema dereva kazi yake ni kuendesha. Amesema kama naona gari la kanisa halinifai, wako wengi watakaolipenda."

Angefanya nini? Msinijibu haraka, nyinyi ambao hamjawa na watoto. Alikuwa na nyumba ya chumba kimoja, mke, na watoto watatu shuleni. Vijijini kulikuwa na watu wanaomngoja kando ya barabara. Akaendesha polepole, akikwepa kila alichoweza kukwepa.

Siku ajali ilipotokea, mvua ilikuwa imenyesha na jua limeshatoka. Walikuwa wanarudi kutoka ndani ya Ukambani na mama mmoja mjamzito aliyeitwa Kalekye, uchungu umemshika, pamoja na mama mkwe wake. Maji yalikuwa yamekata barabara yakaacha mtaro ambao huuoni mpaka uufikie. Sista Rodah alinisimulia mwenyewe. Alisikia mlio kama bunduki chini ya kiti chake. Bano la kulia liling'oka na kipande cha chasisi, stopa ikapinduka ikajikaza kati ya ekseli na chasisi, ekseli ikakaa upande. Musembi alizungusha usukani na gari halikumtii. Landrova ikatoka barabarani, ikalala ubavu kwenye mtaro.

Mkono wa Sista Rodah ulivunjika juu ya kiwiko. Na mtoto wa Kalekye hakungoja mkono upone. Alizaliwa pale pale kando ya shamba la mkonge, Sista Rodah akimpokea kwa mkono mmoja, mama mkwe akisaidia. Musembi alivua koti lake, akalishika kwa mikono yote miwili kama pazia kuwakinga na wapita njia, uso ameugeuza kwingine, damu inamtiririka kwenye kipaji cha uso. Alikuwa akiimba. Sista Rodah alisema aliimba kwa nguvu ili yule mama asimsikie akilia.

Mtoto alikuwa mzima. Mama alikuwa mzima. Lori la mawe likawabeba hadi hospitali.

Jumapili iliyofuata, mwenyekiti alisimama mbele ya kanisa zima, akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba kliniki imepata ajali na kamati imemwachisha kazi dereva "kwa sababu ya ulevi." Musembi alikuwa amekaa na kwaya, bandeji kichwani. Mkewe, Mama Mutua, alikuwa upande wa akina mama na watoto wake. Mtoto wa kwanza, Mutua, aliuliza kwa sauti, "Mama, baba hulewa?" Na kanisa zima likasikia.

Mtu hajawahi kuonja. Amewashikia watu pazia huku akivuja damu. Halafu kwa sababu gereji ya rafiki ilifunga takataka, na rafiki hawezi kuaibishwa, lazima pawe na mlevi. Wakamtengeneza mlevi.

Kamati iliamua Landrova iuzwe kwa watu wa vyuma vikuukuu upesi iwezekanavyo. Sista Rodah, plasta mkononi, alimwahi mwenye gari la kuvuta, akamwambia ailete Gikomba kwa Mama Nyambura, na kwamba yeye ndiye ametuma. Ikaja imefunikwa tope.

Nilichukua ndoo na brashi nianze kuosha. Mama Nyambura akanishika mkono. "Usiguse hata tope. Iache kama ilivyolala." Tukainama wawili. Bano lilikuwa linaning'inia na kipande cha chasisi kimeshikamana nalo, chembamba kama ganda la yai, kutu kwa ndani, alama ya kuchomelea juu tu kama rangi ya kucha. Upande wa kushoto ulikuwa umeanza kupasuka vilevile. Ungedumu wiki moja tu. Niliokota rungu la kufulia springi, sijui nilitaka kwenda kumpiga nani. Mama Nyambura akasema, "Weka. Hilo ni la kazi."

Aliyewaleta wanakamati ni Sista Rodah. Aliwafuata mmoja mmoja majumbani, mitaa ya Bahati, Jerusalem na Kaloleni, mpaka wakaona aibu kukataa. Wakaja watano, mwenyekiti akiwa na suti, akiruka vidimbwi vya Gikomba. Hakutaka kuinama.

"Kwa hivyo," akasema, "mnataka tuwashuku watu wenye gereji ya maana kwa sababu mama wa jua kali ameona kutu?"

Mama Nyambura akafungua mdomo, nami nikajua litakalotoka halitafaa kanisani. Lakini Sista Rodah alimtangulia.

"Mwenyekiti, mimi nilikuwa ndani. Wewe ulikuwa wapi? Mimi ndiye niliyekaa juu ya hicho chuma. Nimekaa na Musembi ndani ya gari hilo asubuhi na jioni, pumzi yake naijua. Ulipomwita mlevi uliniuliza nini mimi? Ulimwuliza nini Kalekye? Kama alikuwa amelewa, basi mimi nesi nilimruhusu mlevi abebe mjamzito. Niachishe kazi na mimi. Nitangaze na mimi."

Mzee mmoja wa kamati, fundi cherehani aliyestaafu, akavua koti, akaingia chini ya Landrova. Alitoka na kipande cha kutu mkononi, akakivunja kwa vidole kama biskuti mbele ya wenzake.

Wakakubaliana Landrova isiuzwe na Musembi arudi kazini. Lakini sikieni walivyokubaliana! Arudi kimya kimya, pasiwe na tangazo, "ili tusichafue jina la kanisa." Na ile gereji isitajwe, maana mwenyewe huchangia ujenzi.

Mwenyekiti akamfuata Musembi, ambaye siku zile alikuwa akipakia mawe Njiru. Musembi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu neno ambalo nimelibeba maisha yangu yote: "Nilitukanwa kwa kipaza sauti, nirudishwe kwa kunong'onezwa?" Akakataa. Akasema atakuja siku ile watakaposimama pale pale waliposimama.

Hawakusimama.

Landrova tuliitengeneza sisi. Nami nilidhani Mama Nyambura atarudisha mpira na kuyaapiza mafuta. Sivyo. Alisema, "Stopa za mafuta hazina kosa. Wagonjwa wa Rodah wanazihitaji kuliko mtu yeyote wa mashindano. Tutafute zinazolifaa gari hili." Tukatafuta muda mrefu, tukapata zilizotoka kwenye gari zito la safari za jangwani, fimbo ndefu, silinda nene kama mkono wangu. Za mwanzo zilikuwa zinang'aa zaidi. Hizi zilikuwa na makwaruzo. Chagueni kwa uzito wa gari likiwa limejaa watu, na kwa urefu wa safari ya ekseli. Rangi mwachieni mpaka nyumba.

Tulikata chasisi mpaka tukapata chuma kizima, tukapachika kipya. Tukavua majani ya springi tukabakiza lile kuu tu, ili ekseli ipande kwa jeki bila ubishi, tukaipandisha polepole hadi juu kabisa huku tukitazama: tairi lisiguse bodi, propela inayozungusha ekseli isiguse kitu, na shokomzoba isifike mwisho kabla ya stopa. Shokomzoba ikifika mwisho kwanza, itapasuka hiyo, na stopa itabaki mtazamaji. Kisha ugali. Ekseli ya springi za majani haipandi wima, husogea nyuma kidogo inapopanda, kwa hiyo kile kitako bapa tulichokichomelea juu ya ekseli tulikisogeza mpaka donge likabanwa sawasawa pande zote. Stopa tukaziweka nje karibu na magurudumu, maana gurudumu moja likipanda peke yake, stopa iliyokaa katikati huchelewa kujua. Mabano tukayakalisha juu ya pleti pana zenye ncha zilizochongwa, tukachomelea pembeni kwa urefu wa chasisi, si kuikata kati kama mkate. Na silinda tukazibana kwa boliti, ziweze kutolewa na kujazwa upya. Mwisho tukavisha kipete cha mpira wa baiskeli kwenye fimbo. Gari likienda safari, kipete husukumwa juu na kubaki pale, nawe unajua fimbo ilizama kiasi gani.

Mama Nyambura alizunguka gari mara kadhaa akanyamaza. Nikajua imekubali.

Sasa dereva hakuna. Aliyeajiriwa aliona barabara ya vijijini mara moja akaacha. Kliniki ikafungwa, na watu wakaanza kufa kwa mambo madogo. Siku moja Sista Rodah alikwenda machimboni Njiru akamkuta Musembi na mtaimbo.

"Baba Mutua," akamwambia, "sikuombi urudi kwa wale watu. Nakuomba unifundishe mimi."

"Wewe, Sista? Mguu utafika kwenye klachi?"

"Nitakalia mto."

Musembi alimfundisha kila Jumamosi mchana kwenye malisho ya Njiru, bila kutaka hata soda. Ng'ombe walikimbia, wachungaji walicheka, gia zililia mpaka nikaomba nisiwe pale. Alimfundisha kusoma maji barabarani, kushuka mtaro kwa pembe, kusikiliza sehemu ya nyuma kwa matako yake. Sista Rodah alipopasi mtihani wa udereva, safari ya kwanza alikwenda na msaidizi wa kike nyuma, kwa barabara ile ile. Alirudi, akasimamisha Gikomba, nami nikaingia chini. Kipete kilikuwa kimesukumwa karibu na juu, na bado nafasi imebaki. Msaidizi akasema hakusikia kishindo hata kimoja.

Mwezi huo kanisa likafanya Jumapili ya kutoa shukrani kwa ajili ya kliniki. Mama Nyambura alikataa kwenda, akasema ana springi motoni. Nikaenda mimi, ingawa si wa kanisa lile. Musembi hakuwepo, alikuwa ameshahamia kanisa jingine. Lakini mkewe alikuja, kwa sababu alibatizwa pale na hakuona kwa nini awe yeye wa kukimbia.

Mwenyekiti akaisifu kamati. Akaishukuru gereji ya rafiki yake, naapa, kwa jina. Nilishika benchi kwa mikono miwili. Kisha akampa Sista Rodah kipaza sauti aishukuru kamati.

Sista Rodah akakishika. Sauti yake haikuhitaji kipaza, lakini alikiweka mdomoni kabisa.

"Gari limetengenezwa na Mama Nyambura wa Gikomba," alisema. "Na mimi nimefundishwa kuliendesha na Musembi, Baba Mutua. Alinifundisha bure. Siku ya ajali alituokoa. Hakuwa amelewa siku ile, wala siku nyingine yoyote. Lilisemwa hapa, nalisahihisha hapa."

Akarudisha kipaza, akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Halafu mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, na mwingine, na upande wote wa akina mama ukawaka. Mutua alikuwa amesimama juu ya benchi ili aone.

Ibada ilipoisha mwenyekiti alisimama mlangoni akiwasalimu waumini, kama kawaida yake. Hakuomba radhi, wala hakuwahi. Gereji ile iliendelea kufunga stopa, na ninaamini iko njia kati ya lango lake na gari la yule kijana wa Kariobangi. Lakini nilimwona Mama Mutua akiujia mlango, watoto mbele yake. Mwenyekiti akatabasamu, akamnyooshea mkono. Mama Mutua akaitoa Biblia yake mkono wa kushoto, akaishika kwa mkono wa kulia, akapita.